Uuguzi wa nyumbani mjini Mombasa: tathmini ya huduma moja na jinsi inavyokabidhi kazi za mgonjwa

Kampuni ninayoitathmini hapa hutoa uuguzi wa nyumbani katika kisiwa cha Mombasa na ng'ambo ya daraja la Nyali, na imekuwa ikimhudumia mama yangu mkubwa, mkazi wa Kibokoni katika Mji wa Kale, tangu aliporuhusiwa kutoka hospitalini baada ya kupatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto umedhoofika, ana kisukari kinachohitaji sindano za insulini asubuhi na jioni, ana shinikizo la damu, na alirudi nyumbani akiwa amewekewa mpira wa mkojo. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina sifa za kuitolea na lawama pia, na nia yangu ni kumsaidia msomaji aweze kuipima huduma yoyote ya aina hii kabla hajatia saini mkataba.

Familia nyingi zinapotafuta mhudumu wa mgonjwa huuliza bei kwanza, kisha huuliza kama ni mtu mpole, mwenye adabu, na anayejua kupika uji. Maswali hayo yana nafasi yake, na wahudumu wawili tuliopewa, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wameyajibu kwa mwenendo wao: humwamkia mgonjwa kila waingiapo, na hawamgeuzi kitandani bila kumweleza kwanza wanalotaka kufanya. Hata hivyo, usalama wa mama mkubwa umetegemea zaidi jambo lisiloonekana katika matangazo ya kampuni yoyote, nalo ni uamuzi wa muuguzi kuhusu kazi zipi zifanywe na mhudumu asiye muuguzi, zipi abaki nazo mwenyewe, na atajuaje kwamba zile alizozikabidhi zimefanywa sawasawa. Kwa kipimo hicho kampuni hii ni nzuri sana mchana wa siku za kazi, na ni dhaifu usiku na mwisho wa wiki.

Nchini Kenya muuguzi hufanya kazi chini ya sheria inayosimamia uuguzi, Sura ya 257, na husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mhudumu wa nyumbani hana usajili huo, hata akiwa amesoma kozi nzuri na kupata cheti. Kwa hiyo muuguzi anapomwachia mhudumu kazi fulani ya mgonjwa, mhudumu hubeba wajibu wa kuifanya kama alivyoelekezwa, lakini muuguzi ndiye anayeendelea kuulizwa kuhusu hali ya mgonjwa. Mwongozo wa kukasimu kazi za uuguzi, yaani kumkabidhi mtu mwingine kazi hizo, ambao Chama cha Wauguzi cha Marekani na Baraza la Kitaifa la Bodi za Uuguzi za nchi hiyo waliutoa kwa pamoja mwaka 2019 unasimama juu ya msingi huo, na unamtaka muuguzi aridhike na mambo matano: kazi yenyewe, hali ya mgonjwa wakati huo, mtu anayepewa kazi, maelekezo anayopewa, na usimamizi baada ya hapo. Muuguzi kiongozi wa kampuni, ambaye nyumbani sote tunamwita Sista, alituonyesha leseni yake kabla hatujaiomba na akatueleza mambo hayo matano kwa Kiswahili chepesi huku mgonjwa mwenyewe akisikiliza. Niliipenda hatua hiyo, kwa sababu nimezisikia kampuni ambazo humleta mhudumu mlangoni na mkoba wake, zikapokea malipo ya mwezi, na muuguzi anayetajwa katika mkataba haonekani tena.

Ziara ya kwanza ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ya muda huo Sista aliutumia kumchunguza mgonjwa badala ya kuwapangia watu kazi. Alimtazama akimeza maji kwa kijiko, akapima nguvu za mkono na mguu, akakagua ngozi ya mgongoni, makalioni na visiginoni, akasoma barua ya kuruhusiwa hospitalini, akahesabu dawa. Uchunguzi huo, pamoja na kupanga huduma na kuamua baadaye kama huduma inafaa, ni kazi ambazo muuguzi hawezi kumwachia mhudumu, kwa kuwa zinahitaji maamuzi ya kitaalamu yanayobadilika kulingana na anachokiona. Baada ya hapo ndipo alipoandika karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, yenye safu tatu: kazi za mhudumu, kazi za muuguzi, na kazi za familia.

Upande wa mhudumu uliandikwa kumwogesha, kumvalisha, kumlisha akiwa ameketi wima na kumwacha ameketi kwa muda wa dakika 30 baada ya kula, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kupima shinikizo la damu na sukari kwa saa zilizotajwa, kumwaga mkojo kutoka katika mfuko na kuandika kiasi chake. Upande wa muuguzi uliandikwa kubadilisha mpira wa mkojo, kukagua ngozi kwa kina, kufunga kidonda iwapo kitatokea, na kuzungumza na daktari kuhusu dawa. Kudunga insulini kuliandikwa upande wa familia, na hapo pakazuka ubishi.

Ndugu zangu walidhani kampuni inakwepa kazi. Walikuwa na hoja: tunalipa mtu akae na mgonjwa mchana kutwa na usiku kucha, kwa nini mdogo wangu arudi nyumbani mbio kutoka kazini kwa ajili ya sindano moja? Sista alieleza kwamba insulini ni miongoni mwa dawa ambazo kosa dogo la kipimo huleta hatari kubwa kwa muda mfupi, kwamba mahitaji ya mgonjwa aliyetoka hospitalini bado hayajatulia, na kwamba wahudumu hao wawili hajawahi kuwaona wakivuta dawa katika bomba la sindano. Kumfundisha ndugu wa mgonjwa kudunga sindano ni jambo lililozoeleka, kwa kuwa ndugu huyo anamhudumia mtu wake mwenyewe. Mhudumu wa kampuni hudunga kwa niaba ya kampuni na chini ya dhamana ya muuguzi, na muuguzi huyu hakuwa tayari kuitoa dhamana hiyo. Kwa maoni yangu alikuwa na haki kabisa. Kampuni inayokubali kila ombi la familia ili isimpoteze mteja ndiyo inayopaswa kututia wasiwasi.

Mdogo wangu alifundishwa hatua kwa hatua: kuiviringisha chupa ya insulini mchanganyiko kati ya viganja mpaka weupe wake uenee sawasawa, kusoma alama za bomba katika mwanga wa dirisha, kubadilisha mahali pa kudunga, na kutodunga kabla chakula hakijawa tayari. Aliambiwa pia aandike tarehe ya kufungua chupa, kwa kuwa insulini nyingi zikishafunguliwa hazipaswi kutumiwa kwa zaidi ya wiki 4, na joto la Mombasa la kuanzia Januari hadi Machi haliruhusu chupa kuachwa juu ya meza kama inavyofanywa katika miji ya baridi. Mhudumu alipewa sehemu yake katika shughuli hiyo hiyo: apime sukari kabla ya sindano, aandike, na asimwache mgonjwa peke yake mpaka amalize kula.

Ubora wa kampuni hii ulinidhihirikia zaidi katika maelekezo. Nimeshuhudia katika wodi na katika nyumba za watu maagizo ya aina ya "mwangalie presha" au "ukiona mabadiliko tuambie", ambayo humwachia mtu asiye na mafunzo kazi ya kukisia. Hapa iliandikwa kwamba shinikizo la damu lipimwe saa moja asubuhi na saa moja usiku, kwa mkono wa kulia usio na udhaifu, mgonjwa akiwa ametulia kwa dakika 5, na kwamba namba ya juu ikizidi kiwango alichokitaja daktari au ikishuka chini ya 100, mhudumu apige simu wakati huo huo bila kusubiri zamu iishe. Kuhusu sukari, kipimo kilicho chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) kiliandikiwa hatua zake: ikiwa ameamka na anameza vizuri, apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na simu ipigwe; lakini ikiwa amelegea au hawezi kumeza, asitiwe chochote mdomoni na gari la kumpeleka hospitalini litafutwe. Sista hakutosheka na karatasi. Alimtaka kila mhudumu arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, kisha afanye kazi hiyo mbele yake. Mhudumu wa usiku alirudishwa nyuma katika kupima sukari kwa sababu alikuwa hajakiosha na kukikausha kidole cha mgonjwa, na sukari ya tende iliyobaki kidoleni ingeweza kuongeza kipimo.

Kuna mambo mawili madogo yanayoonyesha kwamba muuguzi huyu hakuwa akinakili mwongozo tu. La kwanza ni kwamba aliandika malalamiko ya mgonjwa kwa kauli yake mwenyewe. Mama mkubwa hasemi kwamba sukari imeshuka. Husema "mwili wanilegea" au "moyo wanipapa", na mhudumu wa mchana, aliyelelewa bara, angeweza kuyachukulia kuwa manung'uniko ya uzee. Karatasi inasema kwamba akitamka lolote kati ya hayo, sukari ipimwe kwanza na maswali yafuate. La pili linahusu vidonda vya kulalia. Vitabu vingi humwambia mhudumu atafute wekundu usiofifia ngozi inapobonyezwa, na katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Sista aliwafundisha wapapase kwa mgongo wa kiganja, watafute joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, na sehemu iliyokoza rangi kuliko ngozi ya jirani yake, hasa juu ya mfupa wa makalio na visiginoni. Mpaka sasa hajapata kidonda, licha ya kulalia godoro la kawaida juu ya kitanda cha samadari ambacho alikataa katakata kibadilishwe.

Nije sasa katika suala la hali ya mgonjwa, ambalo ni rahisi kulisahau kwa kuwa orodha ya kazi ikishabandikwa huonekana kuwa imekamilika. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, mama mkubwa alitangaza kwamba atafunga. Sista hakumkataza wala hakumruhusu. Alisema uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa, na kwamba ukibadilika ratiba ya chakula basi kila kazi iliyokasimiwa itatazamwa upya. Daktari alimshauri asifunge, imamu wa mtaa akamweleza kuhusu fidia, naye akakubali kwa shingo upande. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Kwa kuona haya kula mbele ya watu waliofunga, alianza kuiacha nusu ya kifungua kinywa na kula sana magharibi pamoja na wengine, viazi vitamu, kaimati na tambi za sukari, ilhali sindano ya asubuhi ilibaki vilevile.

Mhudumu wa mchana aliandika katika daftari kwamba mgonjwa amekula kidogo, na kesho yake akaandika hivyo tena pamoja na kipimo cha sukari cha saa sita mchana kilichokuwa kimekaribia 4. Hakuamua chochote, na hakutakiwa kuamua, alipiga simu. Sista alifika siku hiyo hiyo, akazungumza na mgonjwa faraghani, akampelekea daktari vipimo vyote, kipimo cha sindano kikarekebishwa, na mpaka Shawwal ilipoandama vipimo vya sukari viliongezwa na yeye mwenyewe akawa anapita kuvisoma. Kazi ile ile ya kutoboa kidole, iliyokuwa ya kawaida kabisa mwezi wa Shaabani, ilitazamwa kuwa kazi nyingine kwa sababu mgonjwa alikuwa katika hali nyingine. Katika huduma yote niliyopokea, hii ndiyo sehemu ambayo ningeilipia tena bila kusita.

Lawama zangu zinaanzia pale Sista anapovuka feri kurudi kwao Likoni. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi hupokewa na muuguzi saa za kazi, lakini usiku hupokewa na karani wa ofisi ambaye huandika ujumbe na kuahidi kuufikisha. Karani huyo ni mstaarabu, ila hana uwezo wa kumuuliza mhudumu swali linalofuata, na maelekezo yote mazuri ya kupiga simu mara moja hupoteza nguvu ikiwa anayepokea hawezi kuamua. Usimamizi ni sehemu ya kukasimu kazi, na saa za usiku ni nyingi kama za mchana.

Udhaifu huo ulijitokeza wazi Jumamosi moja, mhudumu wa usiku alipofiwa na kulazimika kusafiri. Kwa nia njema alimwomba mwenzake wa kampuni hiyo hiyo amshikie zamu, akamsomea karatasi kwa simu, na ofisi ikaridhia kwa kuwa pengo limezibwa. Mwenzake alikuja kwa wakati, akasalimu, akafanya kazi kwa bidii. Lakini alipomgeuza mgonjwa aliuweka mfuko wa mkojo juu ya kitanda, akauacha hapo, na mdogo wangu alipoingia kuaga usiku aliukuta ukiwa juu kuliko kibofu, hali inayoweza kurudisha mkojo ndani na kuleta maambukizi. Hakuwa mzembe. Hakuna muuguzi aliyewahi kumwona akiushika mpira wa mgonjwa huyu, na aliyemfundisha hakuwa na mamlaka ya kufundisha. Kazi iliyokabidhiwa kwa mhudumu mmoja kwa ajili ya mgonjwa mmoja haihami kwenda kwa mwingine kwa sababu tu wote wawili wamevaa sare moja, na mwongozo nilioutaja umeliweka hilo bayana: aliyepewa kazi hawezi kumpa mtu mwingine.

Tulipolalamika, kampuni ilijibu kwa namna ambayo kwa sehemu iliturudishia imani. Sista alikuja Jumapili asubuhi ingawa haikuwa zamu yake, akampima mgonjwa joto, akautazama mkojo, akaandika taarifa ya tukio bila kumsingizia yule mwanamke, na akaelekeza dalili za kuangaliwa kwa siku zilizofuata. Maambukizi hayakutokea. Wiki iliyofuata ilitolewa kanuni kwamba mhudumu wa akiba kwa kila nyumba atambulishwe na kujaribiwa mapema, akiwa bado hahitajiki. Ofisi, kwa upande wake, ilitoza usiku ule kwa bei kamili na kulieleza suala lote kuwa la ratiba. Halikuwa la ratiba, na ningependa msimamizi wa ofisi alielewe hilo kama muuguzi wake anavyolielewa.

Kuhusu malipo, siku ya mhudumu na ziara ya muuguzi hutozwa kila moja kivyake, na hapo ndipo familia zinazobana matumizi hupunguza. Ofisi yenyewe ilitupendekezea baada ya miezi michache kwamba tupunguze ziara za muuguzi kwa kuwa mgonjwa ametulia. Tulikataa, tukapunguza badala yake saa za mchana katika siku ambazo binamu zangu huwapo nyumbani. Mhudumu mzuri asiyetembelewa na muuguzi huanza polepole kuamua mambo yasiyo yake, kwa kuwa hana wa kumuuliza na mgonjwa yuko mbele yake. Ningemshauri mteja mpya aulize waziwazi ziara hizo ni ngapi, kama nyingine hufanywa bila taarifa, na kama muuguzi humvua mgonjwa nguo na kumkagua au husoma daftari tu na kutia saini.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Wahudumu hufika kwa wakati isipokuwa mvua ya masika inapofunga barabara ya Kisauni. Glavu na sabuni huletwa na kampuni. Nepi hununuliwa na familia. Daftari huandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, jambo ambalo mama mkubwa hulifurahia kwa kuwa hutaka kusomewa yaliyoandikwa juu yake, na amewahi kusahihisha.

Mkataba tumeuendeleza kwa sharti lililoandikwa kwamba simu ya usiku ipokewe na muuguzi na kwamba hakuna mhudumu wa akiba atakayeingia nyumbani kabla hajapimwa na Sista kwa mgonjwa huyu huyu. Sharti la pili limetimizwa. La kwanza limetimizwa kwa siku za kazi pekee, na mwisho wa wiki bado hupokea karani. Kwa mgonjwa anayehitaji kuogeshwa, kugeuzwa na kupimwa, ninaipendekeza kampuni hii. Kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, au ambaye sukari yake bado inapanda na kushuka bila mpangilio, ningesubiri mpaka simu ya Jumamosi usiku ipokewe na mtu mwenye leseni.